Uso Unaokwenda Mjini

Sura ya Saba

Sajini Sagyn aliingia bila kubisha hodi, akaweka bahasha mezani, akabaki amesimama wima huku kifua kimemfura.

"Imepatikana, Afande."

Kapteni Kanyshay alikuwa anachovya mkate kwenye chai. Aliumaliza ule mkate kwanza. Kisha akajifuta vidole, akafungua bahasha na kuitoa picha iliyokuwa ikitafutwa na wilaya nzima tangu jana asubuhi.

Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, kiasi cha kiganja cha mkono. Mwanamke kijana ameketi kwenye kigoda, amepakata komuz, vidole vimeinuka juu ya nyuzi tatu za ala hiyo. Kichwani ana kilemba cheupe cha mke wa mtu. Nyuma yake limetundikwa zulia la sufu lenye nakshi za pembe za kondoo. Huyo, kila mtu alisema, ndiye marehemu Uulkan, mpiga komuz wa kijiji cha Ak-Kuduk, ambaye benki ilikuwa imeamua kuuweka uso wake kwenye noti mpya. Picha yake iliyo safi ilikuwa hiyo moja tu. Juzi, siku ya karamu ya kuwapokea watu wa benki, ilikuwa ndani ya kasha la binti yake. Jana asubuhi kasha lilifunguliwa mbele ya wageni, na picha haikuwemo.

"Umeipata wapi?"

"Kwenye gari la Erkebay, chini ya kiti cha nyuma, imeviringishwa kwenye kitambaa. Si nilikwambia, Afande? Yule bwana kijicho amezaliwa nacho."

Kila mtu alikuwa amesema hivyo. Erkebay, mfuga farasi wa kijiji cha juu, alikuwa mjukuu wa Dosmambet, mpiga komuz mwingine, marehemu naye, ambaye jina lake lilikuwa la pili kwenye orodha ya benki. Uulkan akikosa picha, noti ni ya Dosmambet, na Dosmambet alipenda kupigwa picha kuliko alivyopenda kula. Kwenye karamu Erkebay alilewa, akasimama na kuuliza kwa sauti ni lini benki ilianza kuweka wakanda unga kwenye pesa. Vijiji vile viwili vimeoneana gere tangu enzi za mababu, wakishindania farasi, mifereji na mabibi harusi. Sasa walikuwa wanashindania noti.

"Yuko mahabusu," Sagyn alisema. "Amefoka mpaka sauti imemkauka. Na mchoraji wa benki yuko hapo nje, anataka saini yako tu aondoke. Wanasema mchana theluji itafunga njia ya mlimani."

Mchoraji hakungoja kuitwa. Aliitwa Janyshbek, mtu mwembamba mwenye koti la mjini lisilofaa kwa baridi ya milima ya Naryn.

"Kapteni, nakuomba. Kamati inakaa kesho. Nisipofika na uso huu wataweka ndevu za Dosmambet, na atakayezichora ni Kuban, si mimi. Kuban ameshachora noti mbili! Mimi nimechora stempu. Stempu ya bata."

"Bata mzuri?"

"Bata mzuri sana," mchoraji alijibu kwa uchungu.

"Ulishawahi kuiona picha hii kabla ya leo?"

"Wapi! Tuliomba tutumiwe kwa simu, binti yake akakataa. Akasema benki ije yenyewe, ikae kwake na kula nyama yake, ndipo ipewe. Alitaka jirani zake waone magari mlangoni."

"Kwa hiyo hujui kama ndiye."

"Binti yake ameipokea hapo nje akaibusu na kuilia. Mtu anamlilia mama wa mwenziwe?"

Kanyshay alikuwa ameisogeza picha dirishani, na jicho lake halikuwa usoni wala kwenye komuz. Lilikuwa kwenye kilemba. Mikunjo yake ilipishana katikati ya paji la uso, huu juu ya ule, ikashuka masikioni. Alikuwa akimtazama bibi yake mzaa mama akijifunga hivyo hivyo kila asubuhi ya utoto wake. Tatizo ni kwamba bibi yake alikuwa wa ng'ambo ya mlima, na Uulkan alizaliwa Ak-Kuduk, akaolewa Ak-Kuduk, akafia Ak-Kuduk.

"Sagyn, ilikuwaje ukaangalia chini ya kiti cha nyuma?"

"Akili tu, Afande."

"Sagyn."

Sajini alikohoa. "Kuna bibi mmoja aliniambia. Bibi Seyil, mdogo wake marehemu, aliyekuja kwa ajili ya karamu. Alinishika mkono akasema, mwanangu, mmepekua nyumba zote, na gari la yule mlevi je?"

"Bibi mwenye huruma na polisi," Kanyshay alisema, akachukua kofia yake. "Mchoraji haondoki. Mpe chai."

*

Erkebay alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, macho mekundu kwa ulevi wa juzi na hasira za leo.

"Niandikie kifungo, dada. Andika nilimwiba na yule mke wa jirani, maadamu mmeshaamua."

"Uliitaka ile picha?"

"Niitakie nini? Nilimtaka babu yangu kwenye noti. Hilo nalisema mbele yako, mbele ya hakimu, mbele ya Mungu. Hakuna harusi bonde hili ambayo babu yangu hakupiga. Huyo Uulkan wao ana nini? Ana jina la redioni tu. Roho inaniuma, ndiyo, inaniuma kama jino. Lakini hebu nikuulize, wewe ungekuwa mimi, umeiba picha unayoichukia, ungeiweka chini ya kiti?"

"Ningeichoma."

"Basi!"

"Juzi jioni ulimpakia nani?"

"Hakuna." Alifikiri. "Bibi Seyil. Amefikia kwa binamu yake kijijini kwetu, nikampa lifti. Mimi si mshenzi, mtu mzima hawezi kupanda kilima kile kwa miguu. Alikaa nyuma, nikamfunika blanketi. Njia nzima alinyamaza."

"Mtu mwingine?"

"Mbuzi, lakini huyo alikuwa wa jana yake."

Kosa la wizi wa mali ya urithi wa taifa lingempeleka Erkebay jela miaka, na farasi wake wangeuzwa mmoja mmoja kabla hajatoka. Kanyshay alilijua hilo, na mlinzi wa mahabusu alilijua pia, kwa sababu alikuwa ameshauliza bei ya farasi mweupe.

*

Burulcha, binti wa marehemu, alimpokea Kapteni kama anavyopokewa mjumbe wa heri. Kabla Kanyshay hajavua buti, tayari palikuwa na chai, siagi, jamu na mlima wa maandazi.

"Kaa juu huko, mwenzangu, kaa mahali pa heshima! Umenirudishia mama yangu. Na yule mwizi mkamkamue mpaka babu yake asikie kaburini."

"Nataka kuliona kasha tena."

Kasha lilikuwa katika chumba cha kulala, na juu yake lilisimama rundo la magodoro ya kukunja na mablanketi, kuanzia kifuniko mpaka karibu na dari, kama ilivyo katika kila nyumba inayojiheshimu. Kulifungua kasha lazima uyashushe yote. Kulifunga lazima uyarudishe yote.

"Jana nilikuuliza kama rundo lilikuwa limevurugwa. Ukasema hapana."

"Na ni hapana. Lilikuwa limepangwa vizuri."

"Kama ulivyoliacha?"

Burulcha alitengeneza skafu yake, ingawa ilikuwa imekaa sawa. "Vizuri kuliko nilivyoliacha. Juzi asubuhi nilikuwa na haraka, wageni, kondoo hajachunwa, nikayasokomeza tu. Jana naona mikunjo yote imetazama mbele, kingo zimenyooka, mekundu kwenye mekundu. Nikajua mkamwana wangu ameamua kunionyesha."

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize ili ajisifu mwaka mzima?"

"Mimi?" Mkamwana alichungulia kutoka jikoni, mikono imejaa unga. "Mimi juzi nilikuwa naosha matumbo ya kondoo mpaka kiza kikaingia. Na hata ningeyapanga, mama, usingesema ni mazuri."

"Unaona mdomo?" Burulcha alimwambia Kanyshay.

Kanyshay aliona, lakini aliona na jambo jingine. Aliyeingia kuiba aliyashusha magodoro yote, akafungua kasha, akachukua alichochukua, kisha akayarudisha yote kwa utaratibu wa kitambo ambao hata mwenye nyumba hakuuweza. Hakutaka kufanya hivyo. Mikono yake ilikataa kupanga vibaya. Erkebay, ambaye shati lake halikuwahi kuonana na pasi, angeyatupa sakafuni na kukimbia.

"Nani aliingia chumba hiki siku ya karamu?"

"Hakuna. Watoto niliwafukuza. Mama mdogo tu alijinyoosha humu kidogo, alisema kichwa kinamuuma."

"Kabla ya nyama au baada?"

"Baada. Tulipokwisha kugawa mifupa."

"Mfupa wa nyonga ulimpa nani?"

Mkamwana alichungulia tena kutoka jikoni. Hakuna mtu wa bonde lile asiyejua kwamba mfupa wa nyonga hupewa mwanamke aliye mkubwa kuliko wote waliokaa kwenye busati, na kwamba kuna ndugu ambao hawajasemeshana tangu kondoo wa mwaka fulani kwa sababu hiyo.

"Yule mama wa benki," Burulcha alisema taratibu. "Ndiye kiongozi wao. Nilifikiri... noti, unajua tena."

"Ana umri gani?"

"Labda umri wangu. Hajafika."

"Na mama yako mdogo ukampa nini?"

"Bega."

"Akasema nini?"

"Akasema nyama imeiva vizuri."

Kanyshay aliweka picha juu ya kasha. "Huyu ni mama yako?"

"Maswali gani haya? Zulia si hilo hapo ukutani, alilifuma bibi yangu! Komuz si ile pale!"

"Sijauliza zulia. Nimeuliza uso."

Burulcha aliinama, akatazama, na kwa mara ya kwanza hakulia. "Mimi mama nilimjua na mikunjo yake ya uso. Nani anamkumbuka mama yake akiwa msichana? Picha hii niliiona nikiwa mtoto. Aliificha, hakupenda itazamwe. Lakini ni macho yake haya. Ni pua yake."

"Alifunga kilemba hivi?"

"Nilipopata akili alikuwa anavaa skafu kama sisi wote."

"Na jiwe la kaburi lake, nasikia lina sura yake."

"Marehemu kaka yangu alimpelekea mchongaji picha hii hii, akairudisha kasheni."

"Umeliona?"

"Nilionee wapi? Ak-Kuduk wanawake hatuendi makaburini. Wanaume wanazika, sisi tunakaa hemani tunaomboleza. Kwingine wameanza kwenda. Sisi bado tuna haya."

"Mama mdogo naye hajaliona?"

"Yeye! Yeye mambo ya kale anayashika kuliko imamu."

*

Sagyn alijitolea kwenda makaburini peke yake. Kanyshay alimuuliza kilemba kinafungwa vipi. Sajini akasema kinazungushwa. Wakaenda wote wawili.

Langoni palikuwa na mzee aliyekuja kutengeneza ukuta wa udongo. Alimtazama Kanyshay kuanzia kofia mpaka buti, akasimamisha koleo.

"Binti, hapa si pa wanawake."

"Sikuja kama mwanamke, babu. Nimekuja kama serikali."

"Serikali inavaa hereni?"

"Siku za kazi tu."

Mzee alicheka bila kupenda, akageuka upande wa pili ili asiwe ameona.

Jiwe la Uulkan lilikuwa jeusi, limesimama kwenye upepo. Baridi za miaka ishirini zilikuwa zimemfuta pua, na midomo imebaki mistari miwili. Mchoraji wa benki angelia kuliona. Lakini mchongaji alikuwa fundi wa nakshi kuliko wa nyuso. Pembe za kondoo za lile zulia alizichimba zikaingia, nyuzi tatu za komuz zilihesabika, na kilemba alikikata mkunjo kwa mkunjo. Mikunjo ilikuwa imelala sambamba, mmoja juu ya mwingine, kama mikate iliyopangwa. Pajini palikuwa wazi. Hapakuwa na kupishana popote.

Kanyshay aliishika picha kando ya jiwe, akaitazama hii, akalitazama lile. Kisha akalipiga jiwe picha kwa simu, mara tatu.

"Tazama."

Sagyn alitazama. "Zulia ni lile lile."

"Ndiyo."

"Kigoda ni kile kile. Komuz ile ile. Ila kichwa..." Alikuna shingo. "Mchongaji alikosea?"

"Mtu aliyehesabu nyuzi akosee kilemba? Hizi ni picha mbili, Sagyn. Siku moja, mahali pamoja, kigoda kimoja, wanawake wawili wanaofanana. Mmoja ameolewa hapa, anafunga kwa mtindo wa hapa. Wa pili ameolewa ng'ambo ya mlima, anafunga kama kwa wakwe zake. Nani ameolewa ng'ambo ya mlima?"

Sajini aligeuka kutazama kijiji cha juu. "Lakini ni yeye aliyenionyesha gari."

"Na ndiye aliyepanda kiti cha nyuma. Mwizi wa kawaida anaiba ili tusipate. Huyu aliiba ili tupate."

"Si angebadilisha tu mle kasheni? Achukue ya dada, aache ya kwake, amalize."

"Burulcha angefungua kasha ametulia, mbele ya wageni, angeitazama picha vizuri na kuanza kujiuliza. Lakini mtu aliyepoteza kitu usiku mzima, ukimrudishia hakikagui. Anakibusu na kulia."

Sagyn alivua kofia, akaivaa tena. Kifua chake sasa kilikuwa kimerudi mahali pake.

*

Barabara ya mlimani hupita kijiji cha juu, kwa hiyo mchoraji alichukuliwa na gari la polisi pamoja na mkoba wake, gari la benki likifuata nyuma, na njia nzima alikuwa akiyatazama mawingu na kumtaja Kuban. Burulcha naye alipanda bila kualikwa. Kanyshay aliwaacha wote garini na kuingia peke yake.

Bibi Seyil alikuwa amekaa karibu na jiko anasokota sufu. Alikuwa mwembamba, amenyooka, na kilemba chake cheupe kilikuwa kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Kanyshay hakwenda kukaa juu. Alikaa karibu na mlango, mahali pa mtoto wa nyumbani.

"Shikamoo, bibi. Kilemba chako kizuri. Mama yake mama yangu alifunga hivyo hivyo."

"Wa wapi huyo?"

"Wa ng'ambo ya mlima."

Pia ya kusokotea ilizunguka, ikapunguza mwendo, ikasimama. "Ungeniambia jana, mwanangu. Ningekuogopa mapema."

Kanyshay aliweka picha juu ya busati, kisha simu yake kando, yenye sura ya jiwe. Bibi Seyil hakuishughulikia ile picha. Aliinama juu ya simu kwa muda mrefu.

"Ndivyo alivyochongwa?"

"Ndiyo."

"Kumbe waliweka na kilemba. Mimi nilifikiri wanaandika jina tu." Alijisonya mwenyewe. "Kama ningekuwa mtu wa kuzurura makaburini ningejua."

"Ilikuwa siku gani, bibi?"

"Harusi ya kaka yetu. Nilipewa ruhusa nije siku mbili. Alikuja mpiga picha wa gazeti kutoka mjini, anatafuta wanawake wanaopiga komuz. Akamkuta Uulkan. Uulkan akasema, na mdogo wangu anapiga. Hilo sitamnyima, alisema. Tukapiga wote wawili wimbo mmoja, kigoda kimoja, komuz yake, maana yangu mama mkwe aliitundika juu ya mlango wa zizi akaniambia nikitaka kupiga nipige maziwa. Yule bwana akatupiga picha, mimi kisha yeye, na baadaye kila mmoja akatumiwa yake. Akasema atapeleka moja. Dosmambet alikuwa amekaa pale na ndevu zake, yeye ndiye mjuzi. Akamwambia, mchukue huyu, yule mwingine kesho anarudi kwa kondoo wa wakwe zake."

"Nani alipiga vizuri zaidi?"

"Siku hiyo?" Bibi alifikiri kwa haki. "Siku hiyo tulilingana. Siku nyingine yeye. Siku nyingine mimi."

Alichukua pia yake, akaiweka tena.

"Gazeti likatoka, redio ikamwita, akapewa nyumba mjini akaikataa, jambo ambalo mimi sikumsamehe. Mimi nyumba ningeichukua. Kila alipopiga redioni mume wangu aliongeza sauti. Nakanda unga, namsikia dada yangu ndani ya nyumba yangu, na mume wangu ananiambia, sikiliza, sikiliza vidole hivyo. Wivu wangu haukuwa wa kuja na kuondoka, mwanangu. Nimeamka nao, nimelala nao, nimezaa watoto nao. Nilimpenda Uulkan na nilimwonea wivu mpaka siku anakufa, nikalia kweli, na hata nikilia nilikuwa nawasikia watu wanasema, huyu ni mdogo wake yule."

"Kwenye noti wangeandika jina lake, si lako."

"Waandike! Jina kwenye pesa nani analisoma? Uso ndio unaoshikwa. Mtu ananunua mkate, uso wangu. Mtu anatuza bibi harusi, uso wangu. Yule mama mkwe wangu angekuwa hai, angenihesabu kwa kulamba kidole." Alitabasamu, na meno yake yalikuwa bado mazuri. "Sikuja na nia hiyo. Nilikuja kula nyama. Halafu Burulcha akanipa bega."

"Na Erkebay?"

"Babu yake hakunifikiria mimi."

"Babu yake alikunyima safari. Huyu anakwenda jela miaka. Na juzi alikufunika blanketi."

Bibi Seyil alitazama mikono yake. Maji kwenye birika yakaanza kulia.

"Lilikuwa blanketi zuri," alisema. "Mtoe. Sema nilichanganyikiwa, mimi ni mzee."

"Hujachanganyikiwa."

"Basi sema hivyo, lakini mtoe."

"Picha ya dada yako iko wapi? Umeichoma?"

Uso wa bibi ulibadilika, na hiyo ndiyo hasira pekee aliyoionyesha siku ile. "Nimchome dada yangu? Umelelewa wapi wewe?" Na mkono ukapanda wenyewe, ukagusa kilemba, ukashuka haraka.

Kanyshay aliuona. Kumvua mwanamke mzima kilemba ni jambo ambalo hata askari wa enzi mbaya walisita kulifanya, na kitambaa kile si pambo tu, mwanamke akifia njiani ndicho anachozikiwa. Aliinuka, akafunga mlango kwa komeo, akavuta pazia, akakaa tena mahali pake.

"Hapa tupo wawili tu, bibi."

Bibi Seyil alipumua. Akatafuta ncha nyuma ya sikio na kuanza kufungua, mzunguko baada ya mzunguko, kitambaa kikishuka mapajani na kujaa mpaka sakafuni. Kila mzunguko ulimpunguza. Mwisho ilibaki kofia ndogo na misuko miwili ya mvi, myembamba kama kamba za viatu. Kati ya kofia na mkunjo wa mwisho ilikuwamo picha.

"Hapo ndipo ilipokaa yangu miaka yote," alisema. "Niliwabadilisha tu."

Picha ilikuwa na joto la kichwa chake. Zulia, kigoda, komuz. Kilemba chenye mikunjo sambamba.

Kanyshay alipiga simu kituoni na kuamuru Erkebay afunguliwe, na mlinzi aache kumtamani farasi. Kisha akamwomba bibi ruhusa, akampa skafu yake mwenyewe ajifunike, ndipo akafungua mlango.

Burulcha aliingia wa kwanza na mdomo umejaa maneno. Alipomwona mama yake mdogo amevaa skafu ya polisi, alibaki ameshika mwimo wa mlango. Mchoraji alimpita ubavuni. Alizichukua zile picha mbili, akaenda nazo dirishani, akazigeuza kwenye mwanga, na kwa kitambo hicho alisahau theluji na alimsahau Kuban.

"Marehemu ameinamia nyuzi," alisema, kwa sababu alikuwa mchoraji na hakuwa na akili nyingine. "Huyu ndiye anayekutazama. Ningekuwa naruhusiwa kuchagua..."

"Huruhusiwi," Kanyshay alisema, akampa ile ya Uulkan na karatasi yenye saini. "Nenda, njia inafungwa."

Gari la benki liliondoka likipiga honi kwa kondoo waliokuwa barabarani. Bibi Seyil alilisikiliza mpaka lilipovuka daraja.

"Na yangu?" aliuliza. "Nirudishie yangu."

"Yako ni ushahidi, bibi. Itakaa kituoni mpaka kesi iishe."

"Kituoni wapi?"

"Kabatini."

"Na ya Uulkan?"

Kanyshay hakutaka kulisema, lakini bibi alikuwa anamtazama vile vile kama kwenye picha. "Ya Uulkan inakwenda mjini."

Bibi Seyil alitikisa kichwa. Alikusanya kitambaa chake, akatafuta ncha, akampa Kapteni ashike, maana kilemba kinahitaji mtu wa kushika, akaanza kujifunga kama alivyofundishwa na wakwe zake.

"Unaona?" alisema. "Hata nikimwiba, anayekwenda ni yeye."